Vikengele vya Upande wa Pili

Betri zikianikwa juani hutoa harufu ya chuma kilichotafunwa, na nyumbani kwetu Nguba harufu hiyo ndiyo iliyotangulia muziki. Papa alizipanga juu ya jiwe la kufulia na kuzigeuza taratibu kama mahindi ya kuchoma, akiamini kwamba jua la Bukavu, ambalo lenyewe ni la kubahatisha, lingezirudishia nguvu kidogo. Umeme ulikuja ulipotaka, tena ukiwa dhaifu hivi kwamba taa ilionekana kuona haya. Basi jioni Papa alizitia betri kwenye redio, akasukuma ndani kaseti ileile, na sebule yetu ikajaa magitaa ya Wazungu wenye nywele ndefu, walioirekodi albamu ile kabla yeye hajamjua Mama.

Mimi, Nsimire, nilikuwa na umri wa miaka kama tisa. Papa alikuwa amerudi kutoka Luhwindja, ambako kwa miaka mingi alitoboa mwamba na kuulipua kwa baruti katika migodi ya dhahabu. Alisema milima imemchosha, na sisi hatukuuliza zaidi, kwa kuwa tulifurahi kumwona kila siku. Albamu ile ilikuwa mali yake ya moyoni. Upande wa pili, mwanzoni kabisa, kabla ngoma hazijaingia, kulikuwa na vikengele vidogo, na nilipokuwa mdogo wa kupakatwa aliniwekea kidole hewani kila kimoja kilipogongwa. Sasa alidai vimetoweka. "Kaseti imekula vikengele," alisema, na uso wake ukawa wa mtu aliyeibiwa. Mimi nilisikia kitu fulani kikilia pale mwanzoni, chembamba, kama kijiko kikigusa glasi. Lakini nilijiambia hivyo haviwezi kuwa vyenyewe. Kama Papa anavitafuta namna hii, vyenyewe lazima viwe vikubwa na vizuri kuliko hivi. Nikaanza kuvitamani pamoja naye; kila usiku niliomba vipatikane.

Tonton Deo, kaka yake Mama, aliuza kaseti pale sokoni Kadutu, juu kilimani, na ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta nakala iliyo safi. Alileta moja, akaleta nyingine, akaleta hata ya Kigali iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Papa aliinamia redio, akainua kidole, akangoja, kisha akakishusha.

"Hii nayo iko mubaya," alisema.

"Shemeki, hii iko ya kwanza. Hata bwana wa studio hana hii."

"Basi bwana wa studio naye walimuibia."

"Wewe unataka wale Wazungu bakuje kukupigia hapa mu salon," Tonton Deo alimtania. "Na Mama Nsimire abapikie fufu."

Papa alicheka, ila alicheka kidogo baada ya sisi wengine, akiisha kututazama midomo. Lawama ilizunguka mji mzima. Mara kosa lilikuwa la betri, mara la umeme, mara la mvua iliyopiga mabati, mara la spika iliyopasuka. Katika Bukavu ya wakati ule kila kitu kilikuwa na sababu ya kusikika vibaya, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kutafuta sababu nyingine. Mama peke yake alinong'ona jikoni kwamba mchagua jembe si mkulima. Siku zile alikuwa ameanza kumgusa Papa bega kabla ya kusema naye. Niliona ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi.

Mwishowe Papa akamkumbuka padri mzee aliyemfundisha hesabu, mwenye santuri na sahani halisi ya albamu ile. Jumapili baada ya misa tukaenda sote watatu, Papa akiwa amevaa koti lake la harusi. Padri alipangusa sahani kwa kitambaa laini, akaiweka upande wa pili, akashusha sindano. Chumba kilikuwa kimya, hakuna mvua, umeme ulikuwa wa kutosha. Vikengele vikalia. Vililia wazi sana, kimoja kimoja, na nikavitambua mara moja: vilikuwa vilevile vya kaseti yetu. Nikamgeukia Papa ili nikione kidole chake kikicheza. Kidole kilikuwa juu, kimetulia. Alikuwa amefumba macho, akitabasamu.

"Ngojeni," alisema. "Sasa zinakuja."

Ngoma zikaingia. Padri alitaka kusema neno; Mama akaweka mkono juu ya goti la Papa. Papa alifumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Zimepita?"

"Zimepita, Papa Nsimire," Mama akamjibu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nadhani Papa hakuficha, alikuwa hajajua kwamba ni baruti ya Luhwindja, si kaseti, iliyokula vikengele masikioni mwake. Upande ule ulipoisha alifunga vifungo vya koti lake. Kisha akasema kwa upole, "Kumbe nilionea Deo bure." Tuliposhuka kurudi Nguba alinishika mkono, akainamisha sikio lake la kulia, lile lililokuwa na nafuu. "Maman," alisema, akiniita kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao, "zilikuwa namna gani?" Nikamweleza nilivyoweza.

Leo albamu ile imo katika simu yangu, imesafishwa upya mpaka nasikia mwimbaji akivuta pumzi na vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Hakuna toleo lililo safi kuliko hili, na lilinifikia bila mtu kupanda Kadutu. Hata hivyo nikilisikiliza peke yangu naona limepungukiwa. Kwa hiyo kila Jumamosi mimi huenda Kasha, wanakoishi wazazi wangu siku hizi, nikatia spika ndogo ya simu sikioni mwangu, na mdomo nikausogeza karibu na sikio la kulia la Papa, nikimsimulia wimbo unavyokwenda.

"Hapa besi inatembea polepole, kama ng'ombe anayetoka kunywa maji," nilimwambia juzi.

Papa akakunja uso. "Siku ile ulisema iko kama mama mwenye muzigo anapanda Kadutu. Leo iko ng'ombe. Njo gani sasa, mama ao ng'ombe?"

Mama akacheka. Nami nikaurudisha wimbo mwanzo, nisikilize vizuri zaidi.