Mdogo Wangu Asiyelia

Nilipokuwa mtoto pale Ipogolo, sikumwamini mtu, na nilijiona mpelelezi kuliko polisi wote wa Iringa. Shule nilikuja kuiacha darasa la sita, lakini akili, bwana, ninayo.

Mama alipojifungua, bibi alifunga chumba na kutundika blanketi dirishani. Kwetu mgeni hamwoni mtoto mpaka kitovu kidondoke. Jicho la mtu lina mambo. Siku ya tatu mama akanong'ona kwamba mtoto anaonekana wa manjano. Bibi akakata shauri: kuna mtu kamchungulia. Nikawashuku majirani wote, hata mchungaji.

Ndipo akaja nesi wa zahanati.

"Kamwene, bibi. Mzazi hajambo?"

"Wamelala," bibi akajibu, kaziba mlango wote.

Nesi akanigeukia. "Na mdogo wako, mkorofi?"

Nikavimba kichwa. "Ana adabu huyo! Halii kama watoto wa wenzetu. Tangu jana analala tu, hata ziwa hataki."

Tabasamu likamfutika usoni. Akampita bibi, akang'oa blanketi, akambonyeza mtoto kwa kidole kifuani, pajani, unyayoni. Kila alipobonyeza, manjano.

"Mama, vaa tuondoke. Hii ikipanda kichwani atabaki hasikii, au tutamkosa kabisa."

"Wewe ndiye umemtia jicho!" bibi akafoka.

"Lawama utanipa njiani, bibi. Chukua kanga."

Hospitali wakamlaza uchi chini ya taa ya buluu ya kuondoa manjano, macho yamefunikwa kitambaa. Bibi akaninong'oneza: "Hawa wanachukua macho." Basi sikubanduka. Nesi wetu alipomtoa anyonye, akamfungua kitambaa.

"Njoo, wewe unayenikodolea. Hesabu."

Mawili. Nikahesabu tena, maana naye alionekana mjanja.

Siku hizi mdogo wangu anaishi Mbeya, Soweto, anaimba kwaya, na ukimsengenya chumba cha pili anasikia. Bibi bado anamshuku yule nesi. Simcheki, alikuwa akimlinda mjukuu wake kwa namna aliyoijua.

Mimi mtaani husema nilimwokoa mimi. Wananiamini, nina mdomo. Lakini nikiwa peke yangu najua: siku ile nilikuwa najisifu tu. Watu wazima wote wa nyumba ile walifurahia ule ukimya. Nesi peke yake ndiye aliyeuogopa.