Ruhusa ya Kuchimba Wafilisti

Binti yangu aliponiambia chuo kinampeleka Israeli kuchimba mji wa Wafilisti, nilidhani ananitania. Mimi ndiyo kwanza nimetoka kazini, siku nzima nimebeba maboksi kwenye ghala huku mtaa wa South End, viatu sijavua, naye ananiletea habari za Goliathi! Nikamuuliza kama udongo wa mji wetu Louisville umekwisha.

Bon, basi, alikuwa ameshaamua. Lakini kwetu mtoto havuki maji bila mkubwa kumwekea mkono kichwani, na mkubwa wetu ni mama yangu, aliyekuwa akiishi Buffalo. Kwa simu mkono haufiki. Tukapanda gari na sufuria la sombe, kisamvu cha kumpelekea mama. Njiani tukalala mji wa Columbus kwa kaka yangu, akala nusu ya sombe ya mama bila haya, kisha akamwagiza mpwa wake amletee viatu vya Goliathi, maana vya dukani vinambana. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Buffalo hakucheka mtu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huko wanachimbua nini hasa. Binti yangu hajui kuficha: akasema kuta, vyungu, na mwaka huu makaburi. Mama akasema hapana, wafu hawasumbuliwi. Nikajua limekwisha. Mama akisema hapana, hata mchungaji hubeba Biblia yake akaenda zake.

Lakini mtoto huyu, ambaye kila siku hutujibu kwa Kiingereza, alipiga magoti akaanza kujieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Udongo wanaufagia kwa brashi ndogo, polepole, mpaka mtu aonekane vile alivyolazwa. Wengine wana kijungu cha mafuta ya kunukia karibu na uso.

"Nani alikiweka?" mama akauliza.

"Watu wake, Koko," akamjibu bibi yake. "Wale waliomzika."

Baba yangu alifia njiani tulipokuwa tunakimbia vita. Tulimfunika majani, tukaendelea kukimbia, na tangu siku ile hatukuwahi kulizungumza nyumbani. Nilitamani binti yangu angetaja vyungu tu.

Mama akamvuta karibu, akamwekea mkono kichwani, akauacha pale muda mrefu.

"Nenda," akasema. "Ujifunze vizuri kazi hiyo. Kisha uende kwetu ukamtafute mume wangu, umlaze."