Mwanamke Aliyemshika Mume Wangu Mkono

Nahashon Nyakundi hakuwa na mke wa pili. Hakuwa naye hapa Toronto, hakuwa naye kwao Tabaka, na hakuwa naye ndani ya pango huko Uturuki. Nimeisikia hadithi hiyo ikisimuliwa kwa namna tatu, na katika zote tatu msimulizi hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Picha inayozungushwa kutoka simu hadi simu niliipiga mimi, mke wake wa miaka ishirini na tisa, nikiwa nimesimama hatua nne kutoka alipokuwa.

Kwa kuwa watu wameamua kumwandika upya mtu aliyekwisha kuzikwa, nami nitamwandika, na nitamwandika kama alivyokuwa.

Alizaliwa Tabaka, Kisii, kwenye vilima vinavyochimbwa jiwe la kuchonga. Baba yake alikuwa mchimbaji. Mtoto wa pale hushika msasa kabla ya kalamu, na Nahashon alisugua bakuli na vifaru vya mawe ndani ya beseni la maji mpaka ncha za vidole zikapauka. Alipokuwa na miaka tisa, asubuhi moja baada ya mvua, machimbo yaliporomoka yakamfunika baba yake. Walichimba siku kumi na mbili wasimpate. Ukoo ukazika mgomba mahali pake, kama inavyofanywa mwili ukikosekana. Nahashon alisimama kando ya kaburi hilo akijua kwamba mle ndani mna mgomba, na baba yake yuko kwenye jiwe.

Nilikutana naye nikifundisha fizikia katika shule ya wasichana huko Meru. Alikuja kutengeneza mabomba ya maabara. Alitengeneza mabomba manne, la tano akaliacha makusudi ili arudi. Hilo alinikiri baadaye. Nilikuwa na shahada, yeye alikuwa na cheti cha ufundi, na dada zangu hawakuacha kunikumbusha. Nawakumbusha na wao kwamba katika miaka ishirini na tisa sikuwahi kulala nje ya nyumba yangu kwa sababu ya mume.

Hapa Toronto alikuwa mtunza jengo. Jengo la ghorofa kumi na tisa, Weston, upande wa mto Humber, la zamani kiasi kwamba kila msimu wa baridi lilimpa ugonjwa mpya wa kutibu. Alijua kila ukuta wake. Aligonga zege kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Hapa pana maji," na maji yakapatikana hapo. Wapangaji walimpenda. Wakenya wenzetu walimcheka, hasa waliokuwa na kazi za ofisini na nyumba za Markham, kwa sababu alichelewa kila mahali.

Alichelewa kwa sababu hakupanda treni ya chini ya ardhi. Kwa miaka ishirini na miwili hakuipanda hata mara moja. Tukialikwa Don Mills, mimi nilishuka ngazi za stesheni, yeye akapanda mabasi, na nilikuwa nimemaliza chai ya pili anapoingia na theluji mabegani.

"Nyakundi, umekuja kwa miguu kutoka Kisii?" walimwambia.

"Nilipitia Nakuru kununua viazi," alijibu, akaketi, akala.

Hakuwahi kuwaeleza. Alipolazimika kushuka chumba cha mashine cha jengo lake, alikwamisha ndoo mlangoni ili mlango usijifunge, akafanya kazi akipiga mluzi kwa nguvu. Mimi nilijua. Watoto hawakujua. Alichagua aitwe mshamba asiyejua treni kuliko aonewe huruma, na hilo lilikuwa haki yake.

Mwaka juzi mama yake alifariki, tukaenda kumzika. Walimlaza kando ya lile kaburi la mgomba. Wakati wa kurudi tulipitia Istanbul, na ndani ya ndege Nahashon alikuwa ameona kwenye jarida picha ya kijiji cha huko huko Uturuki kilichochongwa ndani ya mwamba. Hakikuwa magofu. Palikuwa na shuka zimeanikwa, madishi ya televisheni juu ya mawe, na mtoto kwenye dirisha lililotobolewa mlimani. Aliikodolea picha hiyo mpaka wakakusanya sahani za chakula.

"Mama Wayne," akaniambia, "hawa watu wanalala humu kila siku."

"Wanalala."

"Kwa miaka mingapi?"

Nikamsomea. Vyumba vya kwanza vilichongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

"Na jiwe halijawaangukia."

Tulikuwa na siku nne kabla ya kazi. Tulibadilisha tiketi.

Ndivyo tulivyofika. Hakukuwa na siri. Hatukutangaza kwa sababu mtu aliyetoka kuzika mama yake hana deni la kutangazia kundi la simu la watu mia mbili kwamba anapitia mahali fulani. Ningejua watatafuta nyumba ndogo mlimani, ningetangaza kwa barua.

Basi dogo lilitushusha chini ya kijiji. Mwamba wa pale ni wa rangi ya unga wa wimbi uliochanganywa na majivu, umesimama kwa vichuguu virefu, na kila kichuguu kina mlango, ngazi na chungu cha maua. Nahashon alisahau mizigo barabarani. Alishika ukuta wa kwanza aliokutana nao, akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa.

"Laini kama letu," alisema.

Mwenyeji wa nyumba tuliyopangishiwa chumba alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye ushungi wa maua na magoti mabovu, anayelea wajukuu wawili. Alikuwa na Kiingereza cha maneno kama thelathini. Kwayo alitueleza kwamba jiwe lile ukilikata leo ni laini, likikaa na hewa linakuwa gumu, na kwamba chumba cha kuhifadhia viazi alikichonga marehemu mume wake kwa mikono yake. Nahashon alimsikiliza pale mlangoni kama mwanafunzi. Akainua macho kwenye kizingiti, akazitazama alama za tindo moja baada ya nyingine, akasema kwa Kiswahili, "Aliyechonga mlango huu alitumia mkono wa kushoto." Nilipomtafsiria kwa ishara, yule mama aliinua mkono wake wa kushoto akaonyesha picha ya babu wa mumewe ukutani.

Lakini hakuingia. Mimi niliingia, nikaona zulia, jiko, televisheni, vitanda vilivyochongwa pamoja na ukuta. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri. Nikatoka, nikamkuta ameketi kwenye jiwe la mlangoni na jasho likimtiririka, na haikuwa siku ya joto.

"Twende hoteli ya mjini," nikamwambia.

"Nipe muda."

Muda ukawa saa nzima. Yule mama alimletea chai mara mbili. Mara ya pili alimtazama vizuri, akaweka chini kikombe, na nadhani alielewa, maana wanaoishi ndani ya jiwe hawawezi kuwa hawajawahi kumwona mtu wa namna ile. Alipiga ukuta kwa ngumi mara tatu ili asikie ulivyo mzima. Kisha akamshika mkono akaanza kumvuta. Wajukuu wakaja wakamsukuma mgongoni, wakicheka, na Nahashon, ambaye sikuwahi kumwona akicheka meno yote yakaonekana, alicheka. Hapo nikapiga picha.

Hiyo ndiyo picha. Mwanamke amemshika mkono, ushungi umemficha uso, watoto wawili wamemng'ang'ania. Naye anacheka.

Nahashon alifariki Februari iliyopita, ghafla, moyo, akiwa kazini. Binti yetu Melissa ndiye aliyetengeneza kijitabu cha mazishi. Amekulia hapa. Anaelewa Kiswahili na anajibu kwa Kiingereza, na hakujua kwamba kwetu kijitabu cha mazishi kinasomwa kama hati ya mahakama: nani ametajwa, nani ameachwa, nani amesimama karibu na nani. Alitafuta picha ambayo baba yake anafurahi. Iliyo bora kuliko zote ilikuwa ile. Aliiweka mahali palipobaki nafasi, na nafasi ilibaki kwenye ukurasa wenye kichwa "Familia". Mimi nilikuwa nashughulika na kusafirisha mwili. Sikukisoma mpaka kilipokuwa mikononi mwa watu.

Huko Tabaka waliwahesabu kimyakimya, pale kaburini: mwanamke mmoja, watoto wawili. Wiki mbili baadaye shemeji yangu akanipigia.

"Shemeji, wazee wameketi."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu ile nyumba ingine. Hatukulaumu. Mwanamume ni mwanamume. Ila wale watoto wawili lazima waonyeshwe kwao. Tumetenga kipande pale juu ya kijito."

"Mmewatengea shamba wajukuu wa mwanamke wa Kituruki?"

"Wajukuu ama watoto, Shemeji, damu ni damu. Na jiwe la kaburi linachongwa. Tunataka kujua jina la mama yao, liandikwe chini ya lako."

Nilimwambia jina langu likiandikwa juu ya lingine lolote nitasafiri na nyundo. Alicheka akidhani natania. Jiwe hilo linamaliziwa mwezi ujao, na kwa sababu hiyo naandika.

Hapa Toronto hawakuwa afadhali. Katunge, katibu wa kundi letu la akina mama, aliniita kwake Markham. Alisema ni chai. Nilikuta wanawake saba na kijitabu juu ya meza.

"Mama Wayne, usikasirike," Katunge alianza. "Sisi ni dada zako. Tunataka tu kujua jinsi ya kukutetea."

"Niteteeni kwa kusema ukweli."

"Upi sasa? Wewe kwenye picha ile humo."

"Mpiga picha huwa hayumo, Katunge. Hata katika picha za harusi yako."

Asumpta, ambaye ni Mtanzania na hutoa sumu yake kwa adabu, akasema, "Dada, pole sana. Lakini mwanamume mzima, ashikwe mkono na mama wa watu, kwa nini? Kuna nini cha kushikana?"

Njia ya kumsafisha ilikuwa moja, nayo ilipita katika jambo alilolificha maisha yake yote. Nilijiuliza ni jina lipi angelichagua: mzinzi, au mwoga. Kisha nikajijibu kwamba mwoga halikuwa jina lake hata kidogo, nikawaambia. Niliwaambia machimbo, mgomba, mabasi ya theluji, na ile saa moja ya jasho. Niliwaambia kwamba mtu waliyemcheka kwa kuchelewa alivuka mlango ule kwa miguu yake, akakaa ndani mpaka mwanga wa dirisha ukageuka, na kwamba hakuna mmoja wao aliyewahi kufanya jambo gumu nusu ya hilo.

Asumpta alifuta macho. Wengine walitazama vikombe. Katunge, ambaye hajui mahali pa kukoma, akasogeza kiti.

"Kumbe. Na alipoingia, alifanya nini?"

"Aliweka kipaji cha uso ukutani."

"Akasema?"

"Akasema na baba yake."

"Alimwambia nini?"

Nilikuwa nyuma yake. Alisema kwa Kigusii, polepole, na baada ya miaka yote hiyo Kigusii nakisikia vizuri. Nilisikia kila neno.

"Mama Wayne, tuambie basi, watu waamini. Wazee wa Tabaka wakisikia maneno yenyewe hawatabisha."

Nilichukua kijitabu kutoka mezani, nikavaa koti, nikatoka. Wazee wa Tabaka nimewatumia tarehe, tiketi mbili zenye majina yetu, na picha ya yule mama akiwa amevua ushungi, mvi zake zote zikionekana. Jiwe la kaburi litaandikwa jina moja la mke. Watu wanataka na yale maneno ya ndani. Hayakuwa yao, hayakuwa hata yangu, na sitayasema.