Kabichi ya Kanisa Zima

Mimi si mtu wa kutulia. Hata mhadhiri akiwa katikati ya mlinganyo, mguu wangu hucheza chini ya dawati, na siku aliyotuchorea modeli ya utando wa buibui nilitamani kutoka darasani mbio nimpigie baba simu. Modeli yenyewe ni rahisi. Mkulima hutazama bei ya msimu uliopita, akiona vitunguu vililipa vizuri, anapanda vitunguu. Wenzake nao wametazama bei ileile. Wakati wa kuvuna soko linafurika, bei inaanguka, wote wanavikimbia, na msimu unaofuata vinaadimika na kuwa ghali tena. Mhadhiri aliunganisha bei hizo kwa mistari hadi ubao ukajaa utando. Mimi niliona shamba letu la Kitale. Msimu uliopita vitunguu vilikuwa ghali, na baba alikuwa tayari na miche ya vitunguu kitaluni.

Jumamosi hiyo nilitoka chuoni Bungoma nikaenda nyumbani. Chai sikuimaliza. Nilimchorea baba mistari ile nyuma ya kalenda, nikieleza, nikisimama, nikiketi.

"Kaa chini kwanza, mama," alisema. "Sasa unataka nipande nini?"

"Kabichi. Msimu uliopita zilioza sokoni, kwa hivyo saa hii hakuna mtu anataka kuziona."

Mavuno hayo ndiyo yangelipa karo yangu ya mwaka wa mwisho, na sote wawili tulijua. Alifuata mistari yangu kwa kidole. "Basi ni kabichi," akasema, nami nikajiona mkubwa kweli.

Kesho yake kanisani, wakati wa matangazo, baba alisimama.

"Bwana asifiwe. Huyu msichana yangu anasoma uchumi huko Bungoma, na amepiga hesabu. Ati vitunguu tuachane nayo, si mnaona vile kila mtu anapanda? Tupande kabichi."

Wakampigia makofi. Nilitamani kumvuta koti aketi. Lakini ningemwambia nini? Hawa ndio waliotuvunia mahindi baba alipolazwa hospitalini.

Muhula uliobaki niliusoma nusunusu. Kila nilipopiga simu niliuliza kabichi za majirani kabla ya zetu, na baba akadhani hatimaye nimekuwa mtu wa kujali watu. "Zinafanya vizuri sana, zote," alikuwa akinijibu kwa furaha, nami nikaona soko likifurika. Mwishowe nilimweleza mhadhiri mbele ya darasa.

"Hiyo modeli inasema kila mkulima anaamua peke yake," alisema. "Hao wenu waliamulia wapi?"

"Kanisani."

Darasa lilicheka, naye akacheka. Mimi nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Kabichi zilikuja kubwa, nzuri, na kila mtu alikuwa nazo. Pikapu tuliyoshirikiana na majirani kuipeleka soko la Chwele ilirudi karibu imejaa vilevile. Ng'ombe wetu walikula hadi wakaanza kugeuza vichwa. Vitunguu, ambavyo wengi walikuwa wameving'oa kwa neno langu, vikawa ghali kuliko msimu uliotangulia. Niliahirisha mwaka wa mwisho nikarudi kukaa nyumbani. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniudhi kuliko kulaumiwa. Jirani mmoja alituletea hata kabichi, kana kwamba sisi hatuna.

Nilizunguka boma lile wiki nzima nikipiga hesabu upya. Safari hii niliingiza kila kitu: bei, mvua, na hata kanisa letu, nikilihesabu kama mkulima mmoja mwenye shamba kubwa sana. Jibu lilikuja moja kila nilipojaribu, na nilikuwa na hakika nalo kuliko mara ya kwanza.

Nilimkuta baba nje akirekebisha pampu ya kunyunyizia dawa.

"Baba, sasa najua tupande nini," nilimwambia. "Ukinisikiza, narudi chuo. Lakini usitangaze."

Mikono yake ilisimama. "Hata kwa hawa wa hapa karibu?"

"Hata hao."

Aliitazama pampu, kisha akanitazama mimi, bila hasira yoyote.

"Basi usiniambie," alisema, akaendelea kukaza skrubu.