Mfuko wa Kulia wa Verna Haskett

Orrin Haskett hakuhitaji kuambiwa kwamba mkewe ametoka kulenga shabaha. Mashine ya kufulia ndiyo iliyompasha habari. Ilianza kukoroma, mara ikagonga, mara ikapiga kelele ya bati lenye kokoto, na Orrin, ambaye ndiye mfuaji wa nyumba ile, akatumbukiza mkono mpaka chini akatoa maganda matupu ya risasi.

"Verna! Umeniwekea tena vyuma kwenye nguo!"

"Mfuaji ni wewe, mume wangu. Mfuko hukuukagua?"

Verna alikuwa polisi, naibu wa sherifu, katika kaunti moja ya milimani huko Kentucky, Marekani. Mfupi, mcheshi, mwenye kuwasalimu mbwa wa watu kabla ya wenyewe. Kazi yake ilikuwa kupeleka hati za mahakama nyumba kwa nyumba, akiwa na koti la kawaida badala ya sare, na watu walimkaribisha kwa pai ya tufaha hata pale alipowaletea wito wa kesi. Simjui polisi mwingine aliyepewa heshima hiyo.

Mfukoni mwa koti alibeba rivolva ndogo, ile bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi tano tu. Wenzake walikuwa na bastola kubwa za kisasa zenye magazini ya risasi nyingi, na walimtania mpaka wakachoka. Lakini Verna alikuwa na sababu zake. Zamani mlango wa gari la doria ulimbana vidole vya mkono wa kushoto, na tangu siku hiyo kuivuta nyuma sehemu ya juu ya bastola kubwa ili ipokee risasi kulimtoa jasho. Rivolva haina cha kuvutwa. Ile yake, tena, haikuwa na nyundo ya nje, kile kidude cha nyuma kinachogonga risasi, ya kunasa kwenye kitambaa, na ilikaa kimya ndani ya koti bila kumtisha bibi wa watu anayefungua mlango.

Ndipo akaja sherifu mpya na sheria mpya. Kila naibu, kwa silaha anayoibeba, apige shabaha, apakie upya, apige tena kabla filimbi haijalia. Atakayeshindwa mara mbili ataondolewa barabarani, atakaa ofisini kupokea simu za redio. Kwa Verna hiyo haikuwa kazi, ilikuwa kufungiwa ndani.

Mara ya kwanza alishindwa. Si kwa kulenga. Matundu ya risasi zake yalikaa katikati ya karatasi pale pale. Alishindwa kwa sababu ya marehemu Sajini Crump, aliyemfundisha kazi alipokuwa msichana. Crump alichukia uchafu kuliko majambazi. Aliyeacha ganda chini uwanjani mwake alifagia uwanja mzima, kwa hiyo vijana wake walijifunza kufungua silinda, kumimina maganda kiganjani, kuyatia mfukoni, ndipo wapakie risasi mpya. Crump alikufa, lakini mkono wa Verna haukupata taarifa. Filimbi ililia akiwa bado anatafuta mdomo wa mfuko wa kulia wa suruali yake ya kahawia.

"Bi Verna," alisema Sajini Tolliver, msimamizi wa zoezi, akijizuia kucheka, "adui anakupiga risasi, wewe unafanya usafi?"

"Ningekuwa na ufagio ningeanza na wewe."

Wote walicheka, na yeye pia. Ila jioni, mbele ya maharage na mkate wa mahindi, kicheko kilimwisha, akalia waziwazi.

"Najiambia yaache yaanguke, Orrin. Mkono hausikii. Wataniweka kwenye kile kiti na ile redio, nami nitakufa kwa kuchoka."

Orrin hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa fundi wa kushona viti vya malori, na alichojua kusema alikisema kwa cherehani. Alimwongezea maharage, akaondoa vyombo, akaenda zake karakana.

Siku ya jaribio la pili Verna alivaa suruali yake ileile ya kahawia, akasimama mstarini. Filimbi ya kuanza ikalia. Tano za kwanza zikaenda. Akafungua silinda, maganda yakamwagikia kiganjani, na mkono, mjinga yule, ukakimbilia mfukoni.

Mfuko haukuwepo. Vidole viligonga mshono mnene wa uzi wa viti vya malori, maganda yakatawanyika chini, na mkono, kwa kukosa pa kwenda, ukapanda mkandani kwenye risasi mpya. Akapakia. Akapiga. Ya tano ilitoka na filimbi ya mwisho haijalia.

"Umepita!" Tolliver alipiga ukelele. "Bi Verna, umechafua uwanja wangu!"

Verna aliinama akaokota maganda yote, maana Crump ni Crump, akayamimina kwenye mfuko wa Tolliver na kuupigapiga.

"Nenda nayo nyumbani. Mkeo atakueleza."

Aliporudi, Orrin alikuwa amesimama kando ya mashine ya kufulia, mkono ameunyoosha kuipokea suruali. Verna, kwa ukorofi, alikwenda kubadili nguo bila kumpa habari, akamletea. Orrin akaitikisa sikioni mara moja, akaitikisa tena, akasikiliza. Hata ganda moja halikulia.

Akaiweka juu ya mashine na kumkumbatia mkewe kwa nguvu.

"Nikufumulie huo mfuko?" aliuliza.

"Thubutu uuguse," alisema Verna. "Kesho asubuhi nina hati za kupeleka."