Sukari ya Mwenye Hisa

Mzee yule wa mtaa wa Harrow, mwenye duka mstaafu, alikuwa mkono wa birika kwa kila kitu isipokuwa sukari. Alikuwa na hisa katika kampuni inayoitengeneza, basi kila kijiko alikiona ni faida inayorudi nyumbani. Alitia kwenye chai vijiko vinne vya mlima, akakoroga taratibu kama anayesali. Serah, nesi aliyekuja kumsafisha kidonda cha mguu kilichokataa kupona, alimsihi mpaka sauti ikamkauka.

"Mzee, una kisukari. Utakatwa mguu!"

"Sista, nisipoila mimi, gawio langu la faida litatoka wapi?"

Kisha masoko ya hisa yakaporomoka, na asubuhi moja kampuni ikatangaza kwamba mwaka huo wenye hisa hawapati gawio. Serah alimkuta sukari yote ameimwaga kwenye pipa la taka, mifuko yake ameikunja vizuri akaiweka.

"Wezi wakubwa! Hawaonji senti yangu tena!"

Akainywa chai chungu, uso ameukunja kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini.

Miezi ikapita, kidonda kikaanza kufunga. Jumapili moja kanisani Wembley, waumini waliposimama kuuombea uchumi upone, Serah aliukumbuka mguu ule, akabaki ameketi.