Rido za Marie-Rose

Mwaka 1964, waasi walipoiteka Uvira na kuanza kuwasaka makarani, karani Sévère wa mtaa wa Kilibula alijificha nyumbani kwake nyuma ya rido, yaani mapazia, za lesi nyeupe alizozinunua Bujumbura. Zilikuwa rido nzuri, zenye kasoro moja tu: aliyepita barabarani aliona mpaka sahani za kabatini.

Mkewe, Marie-Rose, aliziteremsha akatundika kikwembe chake kikuukuu.

“Unaniaibisha,” Sévère alisema. “Nyumba itafanana na kamba ya kuanikia nguo.”

“Afadhali mke mwenye aibu kuliko mjane mwenye lesi.”

Mchana mpiganaji mmoja akafika dirishani, mkono tayari kuvuta kitambaa achungulie. Dawa yake ya kuzuia risasi ilikuwa na masharti: asiguse mwanamke wala kitu cha mwanamke. Marie-Rose, aliyekuwa ameziba mlango kwa kinu chake cha kutwangia majani ya sombe, aliyajua masharti hayo kama mji mzima ulivyoyajua.

“Vuta tu, ndugu yangu,” alimwambia. “Ni kikwembe ninachojifunga siku zangu za mwezi. Bado sijakifua.”

Mkono ulirudi upesi kuliko ulivyokwenda. Mpiganaji aliupangusa kwenye suruali, ingawa haukuwa umegusa kitu, akaenda kukagua nyumba za watu wasafi.

Ndani, Sévère alitambaa kutoka chini ya dirisha, akakitazama kile kitambaa kwa mashaka.

“Mama Gaspard, ni kweli ulichomwambia?” alimwuliza mkewe.

“Weye ndiye karani,” Marie-Rose alimjibu. “Soma mwenyewe.”